Maji yapo futi mbili na nusu chini ya kiwanja: majitaka ya choo yaende wapi?

Swali: Mhandisi, shikamoo. Nimenunua kiwanja cha mita 20 kwa 30 kaskazini mwa Dar es Salaam, upande wa bahari wa Barabara ya Bagamoyo. Ardhi ni mchanga mtupu. Fundi alichimba mwezi wa pili akakuta maji futi 6. Mwezi wa tano, masika yalipokolea, maji yalikuwa futi 2 na nusu tu. Tutaishi watu sita, vyoo viwili vya ndani. Nyuma ya mpaka, mita 4 hivi, jirani ana kisima anachokitumia kila siku. Mbele ni barabara, na bahari iko upande huo. Fundi anataka tuchimbe shimo la futi 12, tupange tofali bila kuziba, anasema maji yatajipeleka yenyewe. Muuzaji mmoja naye ananishawishi ninunue tangi la plastiki la "bio", eti halinyonywi maisha na maji yake nitamwagilia mchicha. Msingi bado hatujaanza. Nifuate lipi? – Mama wa watoto wanne.

Jibu: Marahaba, dada yangu. Umeuliza kabla ya kuchimba msingi, na hilo peke yake limekuokolea pesa nyingi, maana kimo cha sakafu ya choo ndicho kitakachoamua kama majitaka yatatiririka yenyewe au yatahitaji pampu. Wengi huniuliza nyumba ikiwa imeshapauliwa.

Nianze na shimo la futi 12, kwa sababu ndilo litakaloleta madhara makubwa na ndilo rahisi kujengwa. Masika maji yako yapo futi 2 na nusu. Maana yake futi 9 na nusu za shimo hilo zitakuwa zimejaa maji ya ardhini kabla hamjavuta maji chooni hata mara moja. Hapo fundi amekuchimbia kisima, na kisima hicho na cha jirani vinakunywa mtungi mmoja. Ni kweli maji "yatajipeleka", lakini kinyesi chenu kitakuwa kimelowekwa moja kwa moja ndani ya maji ambayo watu wengine wanayachota. Halafu mvua zikizidi, shimo litarudisha maji bafuni, na hapo ndipo watu huanza kutapisha vyoo usiku mvua inaponyesha. Unaujua mtaa unavyonuka siku hizo.

Sasa jambo ambalo wauzaji wa matangi hawalisemi. Tangi la septiki, liwe la tofali, la zege au la plastiki, halisafishi majitaka. Linachofanya ni kuyatuliza. Mazito yanazama chini na kuwa tope, mafuta yanaelea juu na kuwa utando, na katikati yanatoka maji yenye rangi ya kijivu. Uchafu unaooza hupungua kwa theluthi moja hadi nusu hivi. Vijidudu vya kuhara, vya kipindupindu na virusi vya homa ya ini vingi hutoka vikiwa hai. Kazi ya kusafisha hufanywa na udongo, tena udongo mkavu, wenye hewa. Maji yakishuka polepole katika mchanga usiojaa maji, hupita kama ngozi nyembamba juu ya kila chembe. Vijidudu hunaswa, hufa njaa, huliwa na bakteria wa udongo. Mchanga huohuo ukiwa umezama majini, hewa hakuna, maji yanakwenda upesi, na virusi vinaweza kusafiri makumi ya mita vikiwa hai.

Kwa hiyo swali la aina ya tangi nimeliweka pembeni kwanza. Ninachokitafuta kwenye kiwanja chako ni udongo mkavu. Wahandisi wengi hutaka kati ya sentimita 60 na 120 za udongo usiojaa maji chini ya mahali majitaka yanapotolewa. Wewe una sentimita 75 kutoka usoni mwa ardhi hadi kwenye maji. Ukifukia mabomba kwa kina cha kawaida, unabaki na chini ya nusu yake. Kwenda chini huna nafasi, basi tutakwenda juu.

Kuna mfumo wa kujenga udongo mkavu juu ya ardhi. Ulianza North Dakota, Marekani, miaka ya 1940, na baadaye miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin wakaufanyia hesabu na vipimo vilivyoufanya utumike sehemu nyingi zenye maji ya juu au mwamba wa karibu. Mimi nauita tuta la mchanga. Unalima uso wa kiwanja kidogo kwa jembe ili usiwe umeshindiliwa, unamwaga mchanga safi kwa unene uliopimwa, juu yake unatandaza kokoto zenye mabomba ya matundu, unafunika kwa kitambaa cha kuzuia udongo kupenya, halafu udongo wa kawaida na nyasi. Majitaka yaliyotulizwa na septiki hupigwa kwa pampu hadi kwenye kokoto, kidogo kidogo, yakashuka kwenye mchanga uliouleta, na yanapofika kwenye ardhi yako ya asili yameshapungua ukali sana.

Tupige hesabu zako. Watu sita, kwa lita 100 kila mmoja, ni lita 600 kwa siku. Mchanga mzuri unaweza kupokea takriban lita 40 kwa kila mita ya mraba kwa siku, lakini familia zetu hazimwagi maji ovyo kama za huko vitabu vilikoandikwa, kwa hiyo majitaka yetu huwa mazito zaidi. Mimi ningeshuka hadi lita 30. Unapata kitanda cha kokoto cha mita za mraba 20: upana mita 2, urefu mita 10. Kiwe kirefu na chembamba, usikubali kifanywe mraba. Kikiwa mraba maji hurundikana katikati na kuinua maji ya ardhini palepale chini yake.

Chini ya kokoto weka sentimita 60 za mchanga. Ukijumlisha na zile 75 za asili unakuwa na mita 1.35. Utaniuliza kwa nini nisiridhike na sentimita 45 za mchanga, ambazo pamoja na zile 75 zingetimiza 120. Ni kwa sababu ya bahari. Karibu na ufuko, maji ya ardhini hupanda na kushuka na maji ya bahari, na kipimo cha fundi wako kilichukuliwa siku moja. Kama siku hiyo ilikuwa maji mafu, yaani bahari haikujaa sana, basi bamvua ya masika itakuja juu zaidi. Chimba shimo dogo la upimaji, tumbukiza bomba la inchi 4 lenye matundu, na upime siku za bamvua na siku za maji mafu kwa muda wote uliobaki kabla ya ujenzi. Angalia pia kuta za shimo lenyewe: udongo ukiwa na madoadoa ya kijivu na ya rangi ya kutu, ujue maji huwa yanafika hapo na kukaa, hata kama siku unapochimba pamekauka. Udongo hausahau masika.

Kokoto ni sentimita 20, udongo wa juu 30. Tuta zima linafika kimo cha mita 1.1 hivi. Ukiliacha literemke taratibu pande zote, kila mita moja kwenda juu kwa mita tatu kwenda pembeni, litachukua karibu mita 8.6 kwa 16.6. Hiyo ni takriban robo ya kiwanja chako, na najua umepauka uso. Unaweza kuzuia pande ndefu kwa ukuta mfupi wa mawe ukapunguza upana hadi mita 5 hivi, ilimradi chini usimwage zege, kwa sababu kitako cha tuta lazima kiguse ardhi. Mchanga utakaohitaji ni kama mita za ujazo 30.

Na mchanga wenyewe usiwe wowote. Usichote wa pwani, una chumvi na mara nyingi ni laini mno. Unataka mchanga wa kujengea, wa chembe kubwa za wastani, uliooshwa. Jaza chupa ya plastiki nusu mchanga, ongeza maji, tikisa, iache usiku kucha. Asubuhi utaona tabaka la tope juu ya mchanga. Likiwa nene kuliko sehemu moja ya ishirini ya mchanga, rudisha lori. Hapa ndipo matuta mengi hufia: mwenye nyumba amekwenda kazini, lori limemwaga kifusi chenye udongo mfinyanzi, miezi michache baadaye maji yanachuruzika pembeni.

Tuta likae wapi? Mbele. Kisima cha jirani kiko mita 34 kutoka mpaka wako wa mbele, na maji ya ardhini kwa kawaida huelekea baharini, yaani yanatoka upande wa jirani kuja kwako. Kitanda cha kokoto kikiwa mbele kitakuwa karibu mita 27 kutoka kisimani, tena upande ambao maji yanakwenda. Mwongozo wa Sphere, unaotumika duniani kwenye huduma za dharura, unataka mita 30 kati ya choo na chanzo cha maji ya ardhini. Unapungukiwa mita tatu hivi, ila majitaka yako yatakuwa yamechujwa na mchanga, na kisima kipo upande maji yanakotoka. Kwa hiyo upo mahali pazuri, ingawa ningemshauri jirani apime maji yake kwa bakteria na pia kwa naitreti. Naitreti haiondoki kwa kuchemsha, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Jirani akikujia juu, mwonyeshe mchoro. Ni afadhali kuliko aanze kukuchunguza baada ya mtoto wake kuhara.

Shida ya mbele ni kwamba ndiko kila mtu Dar es Salaam anakotaka kumwaga pevingi na kuegesha magari. Haiwezekani juu ya tuta. Gari likipita mara moja tu linashindilia mchanga na kuvunja mabomba, na pevingi zinaziba hewa ambayo ndiyo inayofanya kazi yote niliyokueleza. Panda ukoka na maua mafupi. Mwembe, mkorosho, mfenesi, viende mbali. Gari litaegeshwa pembeni, kwenye ile mita tatu na ushee iliyobaki, na mkiwa na magari mawili, la pili litalala nje ya geti.

Turudi kwenye tangi, na sasa lina maana. Kwa watu sita chukua lita 3,500 hadi 4,000, vyumba viwili, cha kwanza theluthi mbili. Kwa kuwa huwezi kuchimba kwenda chini, lifanye pana na fupi: kina cha maji mita 1.2, upana 1.2, urefu 2.6 za ndani, unapata lita 3,700 na kidogo. Ukiwa na pesa ya ziada, ligawe vyumba vitatu au vinne ambamo maji hulazimika kushuka chini kisha kupanda kupitia tope kabla ya kuingia kingine. Shirika la Kijerumani la BORDA limejenga mifumo ya namna hiyo Dar es Salaam, na maji yanayotoka huwa mepesi zaidi kuliko ya septiki ya kawaida. Bado yanahitaji tuta.

Lazima tangi lisivuje, kwa ndani wala kwa nje. Plasta mbili zenye dawa ya kuzuia maji, na sakafu ya zege yenye nondo. Masika, likiwa jipya na tupu kabla halijaanza kutumika, ingia na tochi: ukiona jasho au mchirizi ukutani, maji ya ardhini yanaingia, na yatajaza tuta lako bure mchana na usiku.

Tangi la plastiki lina adui mwingine. Lenye ujazo wa lita 5,000 likizama lote kwenye maji ya ardhini na likawa tupu, linasukumwa juu kwa nguvu ya karibu tani 5, na uzito wake wenyewe ni sehemu ndogo sana ya hizo. Litaibuka, litapasua mabomba na sakafu yako. La tofali na zege kwa vipimo nilivyokupa lina uzito wa kujizuia, la plastiki lazima lifungwe kwenye kitako cha zege kinachotokeza nje ili udongo ulikalie. Na yale matangi meusi ya kuhifadhi maji ya bomba hayakutengenezwa kufukiwa, udongo huyabonyeza. Kwa lolote kati ya hayo, usinyonye tangi lote hadi chini wakati wa masika.

Muuzaji wa "bio" nisimwite mwongo moja kwa moja. Baadhi ya matangi hayo ni septiki nzuri yenye vyumba, na bakteria anaowauza kwenye chupa wamo tayari kwenye kinyesi, tena bure. Lakini tope hukusanyika kwenye kila tangi. Kisio la kawaida ni hadi lita 40 kwa mtu kwa mwaka, kwa hiyo ninyi sita mnaweza kufikisha lita 240. Baada ya miaka mitatu ni lita 700 na zaidi, na ni wakati wa kuita gari. "Halinyonywi maisha" maana yake ni kwamba siku litakapojaa, yeye hatapokea simu. Mchicha usiumwagilie maji hayo kabisa. Mayai ya minyoo huweza kukaa hai udongoni zaidi ya mwaka, na mchicha huota ukigusa udongo.

Pampu inakutia wasiwasi, naelewa, na umeme wetu unajulikana. Kwa hesabu yangu, ili majitaka yashuke yenyewe hadi kwenye kokoto zilizo sentimita 75 juu ya ardhi, ukiongeza mteremko wa bomba wa moja kwa hamsini na kushuka ndani ya tangi, sakafu ya choo ingetakiwa kuwa karibu futi 4 juu ya kiwanja. Kama mtaa wenu hufurika na ulishapanga kuinua msingi hivyo, fanya, na uachane na pampu. Hapo weka chemba ya kugawa maji iliyosawazishwa kwa pimamaji, ili kila bomba lipate sehemu yake. Kama sivyo, kifusi cha kuinua nyumba nzima kitagharimu kuliko pampu kadhaa. Jenga chemba ya lita 1,000 baada ya septiki, weka chujio kwenye mdomo wa kutokea, na pampu ndogo ya majitaka yenye boya, inayopiga lita 100 kila mara. Nafasi inayobaki juu ya boya itakuhifadhia majitaka ya siku nzima umeme ukikatika. Zaidi ya siku moja, ogeni kwa ndoo.

Njia nyingine zipo, nazipitia haraka. Bwawa la kokoto na matete, ambalo watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamelifanyia kazi kwa miaka mingi, linasafisha vizuri na halizai mbu kwa sababu maji hukaa chini ya kokoto. Ila maji yanatoka upande wa pili kwa wingi karibu uleule yalioingia nao, na bado utauliza yaende wapi. Linafaa shule au hoteli yenye eneo. Kitanda cha kukausha maji kwa jua na mimea hushindwa Dar es Salaam, kwa sababu wakati wa masika mvua inajaza kuliko jua linavyokausha. Choo kikavu kinachotenga mkojo hakijali maji ya ardhini hata kidogo. Manispaa ya eThekwini, Durban, ilijenga makumi ya maelfu baada ya kipindupindu cha mwaka 2000. Kwetu pwani tunajisafisha kwa maji, na maji yakiingia kwenye chumba ambamo kinyesi hufunikwa kwa majivu mambo yanaharibika, kwa hiyo lazima kiwe na sehemu ya pembeni ya kutawazia. Kwa banda la uani, sawa. Kwa vyoo vya ndani vya nyumba mpya, familia yako haitakikubali, na choo kisichokubalika hakitunzwi.

Tangi la kuhifadhi tu, lisilo na pa kutokea, watu hulikimbilia kwa kuwa linaonekana rahisi. Kwa lita 600 kwa siku, tangi la lita 10,000 linajaa siku ya kumi na saba. Kokotoa mwenyewe bei ya gari mara mbili kwa mwezi. Lakini ukitenganisha maji, hesabu inageuka. Vyoo vya kumwaga lita 2 au 3, kwa watu sita, vinaweza kutoa lita 100 tu kwa siku, na tangi hilohilo likakaa zaidi ya miezi mitatu. Ndiyo maana nakuomba, hata ukijenga tuta, toa mabomba mawili tofauti nyumbani: moja la vyoo, jingine la kuogea na kufulia. Ya kuogea na kufulia yaende kwenye migomba, katika mabeseni ya kina cha kiganja yaliyojazwa majani makavu, upande wa mbele ulio mbali na kisima. Ya jikoni yapite mtego wa mafuta kwanza, na yaungane na septiki, kwani yananuka kuliko watu wanavyodhani. Ni gharama ya mabomba machache leo. Sakafu ikishamwagwa, ni kuvunja vigae.

Wenzio wenye viwanja vya mawe ya matumbawe, Kigamboni, Unguja au Kilifi, watasema shimo lao halijai kamwe na wanashangaa haya yote. Halijai kwa sababu linavuja kwenye nyufa. Huko hata umbali wa mita 30 hauna uhakika, maana maji hayapiti kwenye mchanga bali kwenye mifereji ya mwamba, na tuta la mchanga wanalihitaji kama wewe.

Kabla ya kununua chochote, peleka mchoro kwa afisa afya wa manispaa pamoja na maombi ya kibali cha ujenzi, na vipimo vya maji umeviambatisha. Weka septiki na chemba ya pampu pembeni mwa geti ili bomba la gari la kunyonya lifike bila kupita sebuleni, na umwone dereva anaelekea mahali palipokubaliwa kumwaga majitaka, si mtaroni.

Na kama pesa haitoshi yote kwa pamoja, anza na septiki, chemba na yale mabomba mawili, ziba mdomo wa kutokea, uvitumie kama tangi la kuhifadhi maji ya vyoo na jikoni huku migomba ikipokea mengine. Magari ya kunyonya yatakuja mara nyingi katika kipindi hicho. Tuta lijengwe kiangazi, ardhi ikiwa kavu. Ukilima uso wake wakati wa mvua unaukandika, na hautanyonya tena vizuri.